Mfungashaji na Amana ya Watu Wasiojuana: Historia ya Usambazaji wa Programu Huria za Linux, 1991–2024

Ikisiri

Historia ya Linux imezoeleka kusimuliwa kuwa historia ya wavumbuzi na leseni. Makala haya yanamtazama mhusika mwingine, mfungashaji, yaani mtu anayechukua msimbo chanzo ulioandikwa na wengine, akauandaa kuwa kifurushi na kukifikisha kwa mtumiaji. Kwa kufuata safari ya vifurushi kuanzia disketi za mwaka 1992 hadi tukio la xz la mwaka 2024, makala yanadai kwamba uwazi wa msimbo peke yake haukuwahi kutosha kumlinda mtumiaji. Ulinzi ulitokana na kazi ya watu wa kati na kanuni zinazowawajibisha. Mwishoni tunaonesha maana ya hoja hiyo kwa sera za TEHAMA katika Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Linus Torvalds alipotangaza kazi yake mjini Helsinki mwaka 1991, alichokitoa kilikuwa kiini cha mfumo tu, wala hakikuwa chombo ambacho karani au mwalimu angeweza kukitumia. Kiini hugawa kumbukumbu ya kompyuta na kuendesha vifaa vyake. Ili kazi ifanyike, zinahitajika programu nyingine nyingi, na wakati huo sehemu kubwa ya programu hizo ilitoka katika mradi wa GNU uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Kila programu ilikuwa na mwandishi wake, mahali pake na ratiba yake. Aliyezitaka alilazimika kuzitafuta moja moja, kuugeuza msimbo kuwa programu inayotekelezeka, kisha kuzipatanisha zilipogongana. Leseni ilimpa haki ya kufanya hayo yote, lakini haikumpa uwezo. Katika pengo hilo kati ya haki na uwezo ndimo alimozaliwa mfungashaji.

2. Kutoka disketi hadi daftari, 1992–1995

Miongoni mwa mikusanyo ya mwanzo iliyoleta kiini na programu zake pamoja ni Softlanding Linux System, iliyotolewa na Peter MacDonald mwaka 1992. Ilienea haraka, lakini ilijaa hitilafu. Kutoridhika nayo kulizaa mikusanyo miwili mwaka uliofuata, na yote miwili ingali hai. Mwezi Julai 1993 Patrick Volkerding alitoa Slackware, na mwezi Agosti mwaka huohuo Ian Murdock, akiwa bado mwanafunzi nchini Marekani, akatangaza Debian.

Mikusanyo hiyo ilifuata njia tofauti. Slackware ilimwachia mtumiaji jukumu la kujua ni programu gani inaihitaji nyingine. Debian ilichukua njia ya daftari: kila kifurushi kiandikiwe jina, toleo, mtunzaji wake na vifurushi vingine kinavyovitegemea, kisha programu iitwayo dpkg itunze kumbukumbu za kila kilichosimikwa. Mwaka 1995 kampuni ya Red Hat ilileta RPM, iliyotungwa na Marc Ewing na Erik Troan kwa mantiki inayokaribiana na hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyokuwa kwa kompyuta ambayo mwenyewe hakujua faili lipi limeletwa na programu ipi, wala namna ya kuliondoa bila kuvunja kingine.

3. Ghala na mkataba, 1995–2004

Daftari lilifichua tatizo jipya. Kifurushi kimoja kilidai kingine, nacho kikadai cha tatu, na mtumiaji akajikuta akizunguka mtandaoni kutafuta toleo hasa linalokubalika. Jibu la Debian lilikuwa APT, iliyoingia katika toleo la 2.1 la mwezi Machi 1999. Mtumiaji aliitaja programu anayoitaka. APT ikasoma orodha ya ghala, ikakokotoa vitegemezi vyote na kuvileta kwa mpangilio unaofaa.

Badiliko hili lilikuwa la kijamii kuliko la kiufundi. Mtumiaji hakushughulika tena na mamia ya waandishi. Alishughulika na ghala moja, na kwa hiyo aliwaamini watunzaji wake. Debian ilikuwa imekwisha kuliona jambo hilo. Mwezi Julai 1997, chini ya uongozi wa Bruce Perens, ilipitisha Mkataba wa Kijamii, ambamo iliahidi kwamba haitaficha matatizo na kwamba itatanguliza maslahi ya watumiaji na ya programu huria. Vigezo vya uhuru vilivyoambatana na mkataba huo ndivyo vilivyokuwa msingi wa fasili rasmi ya programu za chanzo wazi mwaka 1998. Kwa maneno mengine, fasili inayonukuliwa leo katika sera za serikali nyingi ilitoka mikononi mwa wafungashaji waliotaka kujua kipi kinaruhusiwa kuingia ghalani.

4. Umbali na gharama yake

Ghala la mtandaoni linamfaa mwenye mtandao. Hadi mwaka 2009, Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti kuwasiliana na ulimwengu, na kupakua mkusanyo mzima kulikuwa anasa. Ndiyo sababu mpango wa Ubuntu, mkusanyo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini kwa kutumia vifurushi vya Debian, ulikuwa na uzito wa pekee kwetu: diski zilitumwa kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeziomba. Utumaji huo ulikoma mwaka 2011. Kufikia wakati huo nyaya za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimefika pwani yetu mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010.

Hata hivyo, diski ya posta huzeeka. Huleta programu ya siku ilipochapwa, haileti masasisho ya usalama ya juma lililofuata. Kwa nchi zisizo na bahari kama Uganda, Rwanda na Burundi, ambazo mawasiliano yake ya nyaya hupitia kwa majirani, swali la mahali lilipo ghala ni swali la usalama pia. Kompyuta isiyosasishwa kwa sababu ya gharama ya mtandao ni kompyuta iliyo wazi kwa wavamizi, hata ikiwa kila mstari wa msimbo wake unasomeka.

5. Amana inapojaribiwa, 2006–2024

Matukio mawili yanaonesha uzito wa kazi ya mfungashaji. Mwaka 2006, katika kukiandaa kifurushi cha OpenSSL cha Debian, mistari michache ya msimbo iliondolewa kwa kuwa ilisababisha maonyo katika chombo cha ukaguzi. Kumbe mistari hiyo ilihusika na kuzalisha nasibu. Kwa takriban miaka miwili, funguo za siri zilizotengenezwa katika Debian na mikusanyo iliyotokana nayo, ikiwemo Ubuntu, zilitoka katika uwezekano wa takriban 32,000 tu kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, idadi ambayo kompyuta ya kawaida huweza kuijaribu yote. Kasoro ilitangazwa mwezi Mei 2008. Msimbo ulikuwa wazi muda wote huo. Waliousoma kwa makini ndio waliokosekana.

Tukio la pili lilikuwa la kukusudia. Mtu aliyetumia jina la Jia Tan alijitolea kuusaidia mradi wa xz, programu ya kubana faili, hadi akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Mapema mwaka 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalibeba mlango wa siri. Sehemu muhimu ya hila hiyo ilikuwamo katika faili la toleo lililopelekwa kwa wafungashaji, wala haikuonekana katika hazina ya msimbo iliyo hadharani. Nayo iliundwa ianze kazi pale vifurushi vya aina ya Debian au RPM vinapotengenezwa. Mhandisi Andres Freund aliigundua mwezi Machi kwa kufuatilia ucheleweshaji wa takriban nusu sekunde wakati wa kuingia katika seva. Matoleo hayo yalikuwa yameingia katika matawi ya majaribio ya Debian na Fedora, lakini hayakufika katika matoleo imara ya Debian. Taratibu za kuchelewesha, ambazo mara nyingi hulaumiwa kwa uzee wa vifurushi, ndizo zilizowakinga wengi.

6. Hitimisho na maana yake kwa sera

Sera inayosema tu kwamba taasisi za umma zitumie programu huria imesimama katikati ya safari. Historia hii inadai maswali matatu zaidi. Kwanza, nani anatunza ghala? Mwezi Desemba 2020 Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8 ingekoma kuhudumiwa mwishoni mwa 2021, miaka mingi kabla ya muda uliotarajiwa, na taasisi zilizoitegemea zikalazimika kuhama. Pili, nakala ya ghala iko wapi? Mitandao ya vyuo na utafiti katika kanda ndiyo mahali pafaapo pa kuhifadhi nakala hizo, ili masasisho yasivuke bahari kila mara. Tatu, wafungashaji wetu ni akina nani? Kufungasha ni stadi inayofundishika chuoni, na ndiyo inayompa mtaalamu wa Kampala au Bujumbura nafasi ya kukagua kinachoingia katika seva za nchi yake.

Nchi isiyo na watu wa kazi hiyo itaendelea kupokea amana iliyofungwa na wengine, bila ya kuwa na mtu wa kuifungua na kuhakiki kilichomo.