Kulinganisha au Kuoanisha? Asili ya Istilahi Moja ya Umeme

Mfasiri wa maelezo ya hedifoni hukutana upesi na agizo kwamba impedansi yake ilinganishwe na ya amplifaya. Mwalimu alisomapo agizo hilo ataelewa kuwa namba hizo mbili ziwe sawa. Naye akifundisha hivyo, atawapotosha wanafunzi wake. Hapana budi tutazame neno hili limetoka wapi.

Impedansi ni jumla ya vizuizi ambavyo mkondo geu wa umeme hukutana navyo. Ukinzani ni sehemu yake tu. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1886 na Oliver Heaviside, Mwingereza aliyepata kuwa mpiga simu za maandishi, kutokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kumfunga mtu miguu. (Mtu huyu, ambaye hesabu zake zilisaidia sauti isafiri mbali katika nyaya, mwenyewe alikuwa na uzito wa masikio tangu utotoni.)

Wazo la usawa lilitangulia jina hilo. Moritz von Jacobi, aliyefanya kazi mjini St. Petersburg, alionyesha mnamo miaka ya 1840 kuwa chanzo cha umeme hutoa nguvu nyingi kabisa pale ukinzani wa chombo kinachoutumia unapokuwa sawa na ukinzani wa ndani wa chanzo chenyewe. Lakini katika hali hiyo nusu ya nguvu hupotea ndani ya chanzo. Wataalamu wengi wakadhani basi kwamba hakuna mashine iwezayo kufanya vizuri zaidi ya hapo, hata mwaka 1879 Thomas Edison na Francis Upton walipounda jenereta yenye ukinzani mdogo sana wa ndani, iliyotoa sehemu kubwa zaidi ya nguvu zake nje.

Katika simu, hata hivyo, usawa ulikuwa na haki yake. Kabla ya kupatikana valvu za kukuza sauti, kila chembe ya nguvu ilikuwa na thamani. Tena, waya mrefu usipokutana na impedansi iliyo sawa na yake, sehemu ya sauti hurudi kama mwangwi. Ndiyo asili ya omu 600 zilizozoeleka katika simu na kurithiwa na redio.

Waya wa hedifoni ni mfupi mno kwa mwangwi wa namna hiyo. Aidha, impedansi ya hedifoni nyingi hupanda katika sauti nene. Tuchukue hedifoni ya omu 32 inayopanda hadi 64. Ikiwa amplifaya nayo ina omu 32, hedifoni hupata nusu ya volteji, kisha theluthi mbili katika sauti nene, na muziki huvimba kwa takriban desibeli 2.5. Amplifaya ikiwa na omu 2, tofauti hiyo haifiki desibeli 0.3. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 1996 kilipendekeza omu 120 upande wa amplifaya, lakini watengenezaji wengi hawakukifuata. Mafundi wengi hutaka isizidi sehemu moja ya nane ya impedansi ya hedifoni.

Kwa hiyo naona kulinganisha kubaki katika simu na nyaya ndefu, ambako vitu viwili huwa sawa kweli. Kwa hedifoni tuseme kuoanisha, kwani vinavyooana si lazima vifanane, na mfasiri aongeze waziwazi: impedansi ya amplifaya iwe ndogo sana kuliko ya hedifoni.