Gombo, jina lililovuka bahari

Wenzangu, tukifanya feti ya diploma nyumbani hapa Kalengera, mezani tunaweka kuku, wali na sombe. Gombo inabaki jikoni, ati ni chakula cha maskini. Tuangalie historia kidogo.

Kule Louisiana, Marekani, chakula cha feti ni gumbo: kuku na soseji ndani ya mchuzi mzito, mara nyingi wenye gombo, unamwagwa juu ya wali. Wanaosifiwa kwa kuipika ni Wakajuni, wazao wa Wafaransa ambao Waingereza waliwafukuza Acadie, Kanada ya leo, kuanzia 1755. Lakini jina lenyewe si la Kifaransa. Linatoka kwa lugha za Kibantu za upande wa Angola. Meli za watumwa kutoka Afrika zilianza kufika Louisiana 1719. Mtu wa minyororo hakubeba mali. Alibeba ujuzi wa kupika na majina ya vyakula.

Na sombe tunayoheshimu? Muhogo ulitoka Amerika, Wareno wakauleta karne ya 16.

Basi kwa feti yetu mimi nitapika gombo na kuku, na sufuria itakaa katikati ya meza. Nani ataniita mshamba?