Kiwanja, Nyumba na Ilani

Katika miji yetu ya pwani, nyumba na kiwanja chake aghalabu vimekuwa na wenyewe wawili. Mmoja anamiliki ardhi. Mwenzake amejenga juu yake nyumba ya miti, udongo na makuti, na kila mwezi hulipa kodi ya ardhi. Kuta ni zake, aweza kuziuza ama kuwarithisha wanawe. Pale zilipojengwa si pake. Ndivyo ilivyokuwa Ng'ambo ya mji wa Unguja, na ndivyo ilivyo hata leo katika mitaa kadhaa ya Mombasa.

Je, mwenye ardhi amwondoe vipi mwenzake kwa haki? Sheria ya Uhamishaji wa Mali ya mwaka 1882, iliyotungwa Bara Hindi na kuletwa Kenya na Waingereza, ilijibu kwa ufupi. Upangaji wa mwezi hadi mwezi ulivunjwa kwa ilani ya siku 15, iliyoandikwa na kutiwa sahihi, na siku hizo sharti ziishie pamoja na mwezi wa upangaji. Kutaja tu siku yoyote hakukutosha.

Kwa mpangaji wa chumba, utaratibu huo una maana: atafunga virago vyake ahamie kwingine. Lakini aliyejenga atafunga nini? Sheria ilimruhusu kubomoa na kuchukua alichokijenga kabla ya kuondoka. Basi mlango utabebwa, na boriti pia. Udongo uliokandikwa kwa mikono ya jamaa na majirani haubebeki. Ilani ikawa sahihi kwa kila herufi, na mtu akabaki hana kwake.

Watu wa Ng'ambo walilitambua jambo hili. Mwaka 1928 waligoma kulipa kodi ya ardhi, hata serikali ikalazimika kutunga sheria ya kuidhibiti. Machi 1964, baada ya Mapinduzi, ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya serikali.

Kenya ilishika njia nyingine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka ilani isipungue kipindi cha upangaji chenyewe, na iishie siku ya kulipa kodi. Anayelipa kwa mwezi hupata mwezi. Siku zimeongezeka, nasi tushukuru. Ila mwezi mmoja bado ni mfupi mno kwa nyumba iliyozaliwa watu na kufiwa watu. Kabla ya kuhesabu siku za ilani, ingefaa tuulize kwanza: aliyejenga atafidiwa nini?