Mafunzo au Usimamizi

Baba mdogo alinipigia simu Jumapili mchana, watu wametoka kanisani. Alikuwa amepata kazi ya kujenga nyumba ya ghorofa moja mjini Moshi, upande wa Soweto, na mwenye nyumba ameweka sharti: kabla msingi haujachimbwa, mafundi na vibarua wote wapate mafunzo ya usalama kazini. Ameletewa watoa mafunzo wawili. Mmoja ana ukumbi, chakula cha mchana na cheti siku hiyo hiyo. Mwingine anataka kuja saiti kwa siku mbili.

"Wewe ndiye msomi wetu, mwanangu," akasema. "Tuchagulie."

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia. Sijui kupima nondo. Lakini niliwahi kusoma sheria za kazi za enzi ya mkoloni kwa ajili ya utafiti wangu, na kuna neno moja humo ambalo swali lake lilinikumbusha.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Baada yake zikaja mashine: kiwanda cha kukoboa kahawa mjini, kisha miwa na mitambo ya sukari ya TPC kule tambarare, kusini mwa mji. Sheria ya Viwanda ya Tanganyika, Sura ya 297, ilitungwa mwaka 1950, kwa Kiingereza, kwa kufuata kielelezo cha sheria ya Uingereza ya 1937. Sheria hiyo mama ilisema kijana asiwekwe kwenye mashine ya hatari mpaka aelezwe hatari zake, na awe amepata mafunzo ya kutosha, *au* asimamiwe vizuri na mtu anayeijua mashine hiyo barabara.

Mafunzo au usimamizi. Mwajiri achague.

Huku mlimani hakuna aliyesoma kifungu hicho, lakini nusu yake ya pili ndiyo iliyotufundishia mafundi. Baba mdogo alijifunza uashi Kibosho, miaka ya themanini, kwa mzee ambaye sote tulimwita Meku. Mwaka wa kwanza Meku hakumruhusu kupanda juu. Alibeba maji, akachanganya udongo na saruji, akashika timazi. Kila asubuhi Meku alipita kwenye jukwaa, akautikisa mrunda mmoja mmoja, akagusa kila fundo la kamba ya katani. Kamba iliyolala kwenye mvua aliikata hapo hapo ili mtu asishawishike kuitumia tena. Wakati wa masika hakuingiza mtu kwenye mtaro wa msingi bila kwanza kutazama kingo zake, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukishiba maji huporomoka bila kupiga hodi. Hakukuwa na cheti. Kulikuwa na macho ya Meku.

Udhaifu wa mpango huo ni kwamba macho huzeeka. Meku aliacha kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati ambao viwanda vya umma vilikuwa vinayumba na vijana wengi wanatafuta kibarua chochote. Hata kile kiwanda cha mashine cha Kilimanjaro Machine Tools, kilichojengwa Hai kwa msaada wa Bulgaria, kilififia. Saitini alikuja yeyote mwenye mikono. Mafunzo hayakuwepo, na msimamizi naye hakuwepo. Ile "au" ikabaki haina kitu upande wowote.

Mwaka 1997 rafiki wa baba mdogo, waliyefundishwa pamoja, alianguka kutoka jukwaa lililofungwa asubuhi hiyo na kijana wa wiki ya kwanza. Alivunjika mgongo. Sheria ya fidia iliyokuwa ikitumika ilikuwa ya mwaka 1949, na kadiri thamani ya shilingi ilivyoshuka, kiwango chake cha juu kabisa kilibaki shilingi 108,000. Hata hizo hakuzipata. Alikuwa kibarua wa siku, hana karatasi. Wenzake walichanga, mama yake akauza ng'ombe.

Sheria zilibadilika baadaye. OSHA ilianzishwa mwaka 2001, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ikaifuta ile ya viwanda. Safari hii ilitajwa sehemu ya kazi kwa upana wake, na jukumu la kumfundisha mfanyakazi likawekwa kwa mwajiri. Sheria mpya ya fidia ikapitishwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015. Ni hatua kubwa. Ila fidia huja mtu akishaumia, na cheti kinaweza kutolewa kwa mtu ambaye hajawahi kutikisa mrunda.

Kwa hiyo nilimpigia baba mdogo na maswali badala ya jibu. Je, wote wawili wanatambuliwa na OSHA? Ndiyo. Atakayefundisha atazungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho? Wa ukumbini ana picha za Kiingereza ukutani. Nani ataangalia majukwaa yenu, mtaro wenu na waya wa umeme unaopita juu ya kiwanja? Wa saiti. Na saidia fundi watalipwa siku hizo mbili?

Hapo akanyamaza. Siku mbili za watu kumi na moja bila tofali kupanda si mchezo.

"Wasipolipwa hawatakuja, Baba," nikamwambia. "Watatafuta kibarua kwingine, kisha watarudi siku ya tatu kupanda juu."

"Meku hakunilipa mwaka mzima," akasema. "Alinilisha tu."

"Lakini alikulisha."

Akacheka, kisha akaguna. Jumatano alinitumia ujumbe: amechukua wa saiti, na atatoa posho nusu kutoka mfukoni mwake, nusu amemwomba mwenye nyumba. Akaongeza kwamba amemteua fundi mmoja mwenye umri, ambaye hatashika mwiko kila asubuhi mpaka awe amelizunguka jukwaa lote na kugusa mafundo.

Nilimuuliza kama huyo fundi naye atakaa kwenye mafunzo, au uzoefu wake unatosha.

Akajibu: "Atakaa. Tena mbele."