Kutoka Meneja hadi Mtarajali: Kazi za Vijana katika Michezo ya Vyuo Vidogo vya Marekani

Utarajali katika idara ya michezo ya chuo kidogo cha Marekani una asili yake katika kazi ambazo hapo awali zilikuwa mikononi mwa wanafunzi wenyewe. Mashindano ya kwanza kati ya vyuo viwili nchini humo yalikuwa ya makasia. Tarehe 3 Agosti 1852 Harvard na Yale vilipambana katika ziwa Winnipesaukee, New Hampshire, na kampuni ya reli iliyotaka abiria ndiyo iliyobeba gharama. Tarehe 1 Julai 1859 vyuo viwili vidogo vya Massachusetts, Amherst na Williams, vilikutana mjini Pittsfield kwa mechi ya kwanza ya besiboli kati ya vyuo. Amherst ilishinda 73 kwa 32, kisha ikashinda tena katika sataranji, maana vijana hao walikuwa wamekubaliana kupimana kwa mwili na kwa akili. Siku zile hapakuwa na idara ya michezo, wala mkurugenzi, wala kocha wa kulipwa.

Michezo ilipoongezeka katika miongo iliyofuata, kila timu ilipata meneja wake, mwanafunzi aliyechaguliwa na wenzake. Yeye ndiye aliyeandikiana na mameneja wa vyuo vingine kupanga ratiba, akakodi uwanja, akaagiza jezi na mipira, akakata tiketi za treni na kuuza tiketi za mlangoni. Alipitisha daftari la michango kwa wanafunzi wenzake na kwa wahitimu, na msimu ulipokwisha alitakiwa kutoa hesabu. Aliyekitamani cheo hicho alianzia chini, akishindana na wengine kuwa meneja msaidizi kwa kubeba vifaa, kutunza mipira na kutumwa huku na kule, na waliofanya vizuri ndio waliopanda. Hapo ndipo palipoanza desturi ya kijana kuijua kazi ya uendeshaji wa michezo kwa kuifanya. Meneja yule hakulipwa, lakini alikuwa na mamlaka ya kweli: fedha zilikuwa mkononi mwake, na kosa lake liliigharimu timu nzima.

Mamlaka hayo yaliondoka hatua kwa hatua. Princeton iliunda kamati ya wahadhiri ya kusimamia michezo mwaka 1881, na Harvard ikafuata mwaka 1882. Mwaka 1892 Chuo Kikuu cha Chicago, kilichokuwa kipya, kilimwajiri Amos Alonzo Stagg kuongoza idara ya mazoezi ya mwili akiwa na hadhi ya mhadhiri, na mfano huo ukaenea. Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1905, baada ya vifo vya wachezaji wa futiboli ya Kimarekani kuishtua nchi. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton, na mwezi Desemba wajumbe wa vyuo 62 walikutana New York. Mkutano huo ulizaa chama ambacho tangu mwaka 1910 kinaitwa NCAA. Tangu hapo michezo ikawa shughuli ya taasisi, yenye kanuni, bajeti na watumishi wa kudumu. Ripoti kubwa ya Carnegie Foundation ya mwaka 1929, iliyoongozwa na Howard Savage, ililalamika kwamba mwanafunzi alikuwa amenyang'anywa mchezo wake na ikataka arudishiwe. Haikusikilizwa. Vyeo vya meneja vilibaki, lakini maana yake ilipungua ikawa ni kutunza taulo, vifaa na karatasi za matokeo.

Katika vyuo vidogo mabadiliko yalikuwa na sura yake. Chuo chenye wanafunzi mia kadhaa hakikuweza kuajiri kocha kwa kila mchezo. Mtu mmoja alifundisha futiboli msimu wa vuli, mpira wa kikapu majira ya baridi na riadha au besiboli majira ya kuchipua, huku akisomesha darasa la elimu ya viungo, na mara nyingi yeye huyohuyo ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa michezo. Mzigo huo haukubebeka bila vijana. Springfield, Massachusetts, chuo cha YMCA ambako James Naismith alibuni mpira wa kikapu mwezi Desemba 1891, kilikuwepo hasa kwa ajili ya kuandaa wakufunzi wa mazoezi na michezo. Naismith mwenyewe alishiriki katika kuanzisha mashindano ya Kansas City ya mwaka 1937, yaliyokusudiwa vyuo ambavyo wakubwa hawakuvijali. Kutokana na mashindano hayo kilikuja kuundwa chama cha vyuo vidogo ambacho tangu mwaka 1952 kinajulikana kama NAIA. Afrika Mashariki inakifahamu chama hicho kwa upande wa mbio: Mike Boit, Mkenya aliyepata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alisoma Eastern New Mexico University enzi ambazo chuo hicho kilishindana katika NAIA, na baadaye akawa kamishna wa michezo wa Kenya.

Upande wa wanawake historia ilikwenda njia nyingine, na inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi ya inavyoangaliwa kwa kawaida. Wakati wanaume walipokuwa wakipoteza usimamizi wa michezo yao, wanawake waliushika wa kwao kupitia vyama vya wanafunzi vya riadha vilivyoenea vyuoni mwanzoni mwa karne ya 20. Kila mchezo ulikuwa na msimamizi wake mwanafunzi, chini ya uangalizi wa mhadhiri mwanamke wa elimu ya viungo. Walimu hao waliogopa kuiga biashara ya futiboli. Mwaka 1923, katika mkutano ulioongozwa na Lou Henry Hoover, walihimiza michezo ya watu wengi badala ya mashindano ya wachache. Ndipo zikaenea siku za michezo ambapo wasichana wa vyuo mbalimbali walichanganywa katika timu moja ili chuo kisishindane na chuo. Ushindani ulififishwa, lakini ujuzi wa kupanga, kutunza hesabu na kuongoza mikutano ulibaki kwa wanafunzi wa kike kwa miongo mingi baada ya wavulana kuupoteza.

Suala la malipo liliingia wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi. Kati ya mwaka 1935 na 1943 shirika la serikali ya Rais Franklin Roosevelt lililohudumia vijana liliwalipa wanafunzi wa vyuo kwa kazi ndogondogo ndani ya vyuo vyao. Sheria ya mwaka 1964 ya kupambana na umaskini ilileta mpango wa kudumu wa kazi na masomo, ambapo serikali kuu huchangia sehemu kubwa ya ujira wa mwanafunzi mwenye uhitaji. Kwa idara ndogo za michezo mpango huu ulikuwa neema. Mwanafunzi anayefua jezi, anayekaa kwenye meza ya saa au anayeuza tiketi aliweza kulipwa bila bajeti ya michezo kuumia, na vyuo vingi vinautumia hadi leo.

Utarajali kama sehemu rasmi ya masomo ulitoka kwingine kabisa, kwenye michezo ya kulipwa. Mwaka 1957 Walter O'Malley, mmiliki wa timu ya besiboli ya Dodgers, alimwandikia James Mason, mhadhiri wa elimu ya viungo, akiuliza ni wapi mtu angeweza kusomea uendeshaji wa klabu au uwanja wa michezo. Hapakuwa na mahali pa namna hiyo. Mason alilibeba swali hilo hadi Ohio University, ambako mwaka 1966 ilianzishwa shahada ya uzamili ya uendeshaji wa michezo, na mafunzo kazini yakawekwa ndani yake. Vyuo vingine vilifuata upesi. Wanataaluma wa fani hiyo waliunda jumuiya yao mwaka 1985, na viwango vya mitaala vilivyotolewa mwaka 1993 viliyahesabu mafunzo kwa vitendo kuwa sehemu ya shahada. Matokeo yake, maelfu ya wanafunzi walianza kutafuta nafasi za kujifunzia kazi kila mwaka, na idara za michezo za vyuo, zilizokuwa karibu na zenye uhaba wa watu, ziliwapokea kwa mikono miwili.

Uhaba huo ulikuwa umekuzwa na mambo mawili yaliyotokea karibu wakati mmoja. La kwanza lilikuwa sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Vyuo vililazimika kuongeza timu za wanawake, na zote zilihitaji makocha, vifaa, usafiri na ratiba. La pili lilikuwa uamuzi wa NCAA wa mwaka 1973 wa kugawa wanachama wake katika madaraja matatu. Daraja la Tatu, lenye wanachama zaidi ya 400 leo, halitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo, na vyuo vyake vingi ni vidogo. Lakini udogo wa chuo haumaanishi udogo wa idara. Williams ina wanafunzi takriban 2,000 na timu zaidi ya 30, idadi inayozidi ile ya vyuo vikuu vingi vyenye viwanja vya watazamaji 100,000. Vyuo vikuu hivyo huwatumia wanafunzi wa uzamili kama makocha wasaidizi, wakilipiwa ada. Chuo kidogo kisichokuwa na masomo ya uzamili hakina watu hao. Hapo ndipo alipozaliwa mtarajali wa msimu mmoja au miwili: kijana aliyemaliza shahada ya kwanza juzijuzi, mwenye mkataba wa takriban miezi 10, anayepewa posho ndogo na, katika vyuo vingi, chumba bwenini na chakula katika ukumbi wa wanafunzi.

Kazi zake ni pana mno, na kwa upana huo utarajali wa chuo kidogo unafundisha kuliko ule wa idara kubwa, ambako kijana anaweza kukaa mwaka mzima katika kitengo kimoja. Asubuhi hukagua fomu za wachezaji kuthibitisha kwamba wanastahili kucheza. Mchana hupanga viti, husimika milingoti ya kona, hujaribu vipaza sauti na saa ya uwanjani, huwapokea waamuzi na kuwaonyesha chumba chao. Mechi ikianza huandika takwimu, na ikiisha huandika habari yake. Kazi hii ya habari ina historia yake ndefu. Maofisa wa habari za michezo wa vyuo waliunda chama chao mwaka 1957, enzi ambapo taarifa zilichapwa kwa taipureta, zikadurufiwa na kupelekwa kwa posta, na matokeo yakasomwa kwa simu kwa gazeti la mji kabla halijaenda mitamboni. Intaneti iliihamishia kazi hiyo kwenye tovuti ya chuo, na leo mtarajali husimamia pia kamera za kurusha mechi mubashara ili wazazi walio mbali waone.

Safari zilikuwa mtihani mwingine. Timu nyingi za vyuo vidogo zilisafiri kwa magari ya abiria 15, na dereva mara nyingi alikuwa kocha msaidizi au kijana wa idara, usiku, baada ya kazi ya kutwa. Baada ya ajali kadhaa, mwaka 2001 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilionya kwamba magari hayo hupinduka kwa urahisi zaidi yakijaa abiria. Vyuo vingi vikaweka masharti makali ya udereva au vikahamia kwenye mabasi ya kukodi. Onyo hilo lilichelewa, kwa kuwa hatari ya kumpa usukani kijana aliyechoka haikuhitaji kusubiri utafiti.

Katika tiba ya michezo utarajali ulikuwa mlango kamili wa kuingia katika taaluma. Watabibu wa wanamichezo waliunda chama chao Kansas City mwaka 1950, na mtihani wa kwanza wa kuwathibitisha ulifanyika mwaka 1970. Kwa miaka mingi mwanafunzi ambaye chuo chake hakikuwa na mtaala ulioidhinishwa aliweza kufika kwenye mtihani huo kwa kutimiza saa 1,500 za kazi chini ya mtabibu aliyethibitishwa, akifunga vifundo kwa plasta, akiandaa barafu na maji, akisimama kando ya uwanja kwenye mvua na jua. Njia hiyo ilifungwa mwaka 2004, na tangu hapo mtihani unahitaji shahada kutoka programu iliyoidhinishwa. Wagonjwa walipata ulinzi zaidi, ila vyuo vidogo visivyo na programu hizo viliikosa ghafla mikono viliyoitegemea.

Uhalali wa kumtumikisha mwanagenzi bila mshahara una mzizi katika sheria ya viwango vya kazi ya mwaka 1938 na katika kesi ya reli iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1947. Kampuni ya Portland Terminal iliwafunza vijana kazi ya breki za mabehewa kwa siku saba au nane bila kuwalipa, na mahakama ikasema hawakuwa waajiriwa kwa sababu kampuni haikunufaika papo hapo na kazi yao. Mwaka 2010 Wizara ya Kazi ilitoa vigezo sita vilivyojengwa juu ya hukumu hiyo. Kesi ya vijana waliofanya kazi bila malipo katika filamu ya Black Swan ilibadilisha mwelekeo mwaka 2015: mahakama ya rufaa ya serikali kuu iliyoko New York ilitaka ipimwe ni nani anayenufaika zaidi, kijana au mwajiri, na wizara ikakichukua kipimo hicho Januari 2018. Siku nane za reli na miezi 10 ya kuendesha mechi ni mambo mawili tofauti sana. Mtu anayefungua uwanja asubuhi na kuufunga usiku ni mfanyakazi, hata akiwa bado anajifunza, na vyuo vinavyomlipa vinatenda haki.

Malipo pia huamua nani anaingia. Mwaka 1972 programu za michezo ya wanawake zaidi ya asilimia 90 ziliongozwa na wanawake. Chama chao, AIAW, kilivunjika mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya NCAA kuanzisha mashindano ya wanawake, idara zikaunganishwa, na ukurugenzi ukaenda kwa wanaume katika sehemu kubwa ya vyuo. Nafasi za chini zisizo na mshahara hazikusaidia kurekebisha hali hiyo, kwa kuwa ziliwafaa hasa vijana ambao familia zao ziliweza kuwalipia kodi ya nyumba na chakula. Daraja la Tatu la NCAA lilijibu kwa ruzuku iliyowawezesha wanachama wake kuajiri watarajali wanawake na wa makabila ya wachache kwa miaka miwili. Masharti yake yalikuwa kwamba kijana alipwe, apewe majukumu ya kweli ya uendeshaji na awe na mlezi wa kazi ndani ya idara, na fungu la ruzuku hiyo lilitengwa ili ahudhurie mikutano ya taaluma.