Namna Uchimbaji wa Makaa ya Mawe Unavyobadili Maji ya Visima Katika Maeneo Kame

Bonde la Mui, Kaunti ya Kitui nchini Kenya, lina makaa ya mawe katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 500, lililogawanywa katika vitalu vinne, A hadi D. Uchimbaji wa kibiashara haujaanza, na kwa hiyo suala la maji bado linaweza kuulizwa kwa wakati. Mito mingi ya Kitui ni ya msimu. Kaya nyingi hufukua mchanga wa mito iliyokauka, hutegemea mabwawa ya mchanga, au huteka katika visima virefu ambavyo baadhi vina chumvi kwa asili.

Makaa ya mawe na miamba inayoyazunguka aghalabu huwa na pairiti, yaani madini ya chuma na salfa. Madini hayo yakiwa yamefunikwa na maji hubaki tulivu, kwa kuwa oksijeni kidogo tu huyafikia. Mgodi unapofunguliwa, pampu huondoa maji ili kazi ifanyike pakavu. Kina cha maji hushuka na hewa huingia mahali ambapo haikuwahi kufika. Pairiti ikikutana na oksijeni na maji hutoa asidi ya salfa pamoja na chuma, na bakteria huharakisha jambo hilo. Asidi nayo huyeyusha manganisi, alumini na metali nyingine. Wakati huohuo visima vya jirani huweza kukauka.

Hata hivyo, si sahihi kudhani kwamba maji yaliyoathiriwa lazima yawe makali kama siki. Penye miamba ya chokaa, asidi hupozwa na kipimo cha pH huonekana cha kawaida, lakini salfeti, kalsiamu na magnesiamu hubaki majini. Maji yakipita katika udongo wa mfinyanzi, kalsiamu hushikwa na sodiamu huachiliwa. Kalsiamu inapopungua, floraidi iliyomo miambani huyeyuka kwa urahisi zaidi, ilhali Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa floraidi kuwa miligramu 1.5 kwa lita. Salfeti hubadili ladha kuanzia takriban miligramu 250 kwa lita. Ikizidi 500, Shirika hilo linashauri mamlaka za afya ziarifiwe, kwa kuwa huweza kuharisha. Maji ya namna hiyo yanaweza kuwa meupe kabisa machoni, na kuyachemsha hakuondoi chumvi.

Ukame huzidisha tatizo kwa njia mbili. Mvua haba haitoshi kuzimua chumvi, na jua huikausha juu ya vifusi vya mgodi hadi mvua za kwanza zinapoikokota yote kwa pamoja. Mji wa Carolina nchini Afrika Kusini, ambao wala si jangwa, ulishuhudia maji yake ya bomba yakichafuliwa na asidi ya migodi Januari 2012. Julai mwaka huo mahakama iliagiza wakazi wapatiwe maji salama ndani ya saa 72.

Mgodi ukifungwa, maji hupanda tena na kuyeyusha chumvi zilizojikusanya. Athari huweza kudumu miongo mingi. Katika eMalahleni, nchini humohumo, mtambo ulioanza kazi mwaka 2007 husafisha maji ya migodi hadi yakanyweka. Ni suluhisho la kweli, lakini ni la gharama, na huacha jasi na maji ya chumvi kali yanayohitaji mahali pa kuhifadhiwa.

Kwa Kitui, jambo la msingi ni vipimo vya awali. Bila hivyo, hakuna atakayeweza kutenganisha chumvi ya asili na ile ya mgodi. Sampuli moja haitoshi: visima vipimwe kiangazi na masika, kwa pH, uwezo wa kupitisha umeme, salfeti, sodiamu, floraidi, chuma na manganisi, pamoja na kina cha maji. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira inapowasilishwa, tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika gazeti linalosomwa eneo husika, na wananchi wanaweza kutoa maoni kwa maandishi. Kamati za visima zinashauriwa kuhifadhi nakala za matokeo ya maabara, zikiwa na jina la kisima, tarehe na kina cha maji siku sampuli ilipochukuliwa.