Chokaa, Saruji na Kuni: Historia ya Moto Katika Ujenzi Wetu

Atazamaye magofu ya Kilwa Kisiwani huvutwa kwanza na unene wa kuta na ustadi wa matao. Ni wachache wajiulizao swali la pili: kazi ile ilikula kuni kiasi gani? Swali hilo lawahusu waliotutangulia, na lawahusu zaidi makampuni ya ujenzi ya leo.

Husuni Kubwa, kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 kwa mawe ya matumbawe. Tumbawe laini lilitolewa baharini likiwa bichi, likachongwa kabla ya kukauka na kuwa gumu. Kazi hiyo haikuhitaji moto. Kilichohitaji moto ni chokaa. Magogo yalipangwa kwa duara, vipande vya matumbawe vikawekwa juu yake, kisha moto ukawashwa. Jiwe likiungua hutoa hewa ya ukaa, na kinachobaki ni chokaa. Boriti za mikoko nazo zililazwa kutoka ukuta hadi ukuta kushika dari, na urefu wake ndio uliofanya vyumba vya nyumba za mawe za Kilwa, Lamu na Unguja kuwa virefu na vyembamba.

Tusidai, basi, kwamba wazee wetu hawakugusa misitu. Mikoko ilikatwa kwa nyumba zao, na majahazi yakapeleka boriti Arabuni na Ghuba. Hata hivyo walikuwa na busara ambazo yatupasa kuzitambua. Walijenga kwa vitu vilivyopatikana karibu. Kuta nene zilikawiza joto la mchana, na njia nyembamba za mji zilitiliwa kivuli na nyumba zenyewe. Kuta zilipakwa chokaa upya kila zilipochakaa, na mawe ya jengo lililoanguka yakajengewa jingine. Tena, wananchi walio wengi waliishi katika nyumba za miti, udongo na makuti, ambazo hazikuhitaji tanuri hata kidogo.

Saruji ilileta mabadiliko makubwa. Joseph Aspdin alipata hataza yake huko Uingereza mwaka 1824. Afrika Mashariki, kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954, na kile cha Wazo, Dar es Salaam, mwaka 1966. Kwa saruji tumejenga shule, hospitali, madaraja na mabwawa. Hakuna mwenye haki ya kuidharau. Lakini tanuri la saruji hufikia joto la nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi, hali chokaa huhitaji kama 900 tu. Isitoshe, zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa itokayo katika kutengeneza saruji hutoka ndani ya jiwe lenyewe, wala si katika kuni au makaa ya mawe. Kwa sababu hiyo, kubadili nishati ya kiwanda peke yake hakutoshi. Duniani kote saruji huchangia takriban sehemu 7 katika kila 100 za hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu.

Basi mkandarasi afanye nini? Kwanza, apime saruji kwa hesabu ya mhandisi, kwani zege lililozidishwa saruji bila sababu ni moto uliopotea bure. Pili, atumie saruji iliyochanganywa na majivu ya volkano, kama Warumi wa kale walivyochanganya majivu hayo na chokaa yao. Tatu, katika nyumba ndogo atumie matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kutiwa saruji kidogo. Mashine ya namna hiyo ilibuniwa Kolombia katika miaka ya 1950. Tofali la kuchoma humaliza miti ya kijiji, lakini tofali hilo hukaushwa tu. Nne, aelekeze madirisha kwenye upepo na kuta fupi kwenye jua la asubuhi na la jioni, ili jengo lisitegemee mitambo ya kupoza hewa kwa maisha yake yote.

La mwisho ni utunzaji. Beit el Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba, 2020, ikiwa katika ukarabati, na watu 2 wakapoteza maisha. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na kujenga ukuta upya ni kuwasha tanuri upya. Mwalimu awaongoze wanafunzi wake kuyachunguza majengo ya mahali pao: yamejengwa kwa nini, vitu hivyo vilitoka wapi, na ni moto gani uliovitengeneza. Miongoni mwa wanafunzi hao watatoka waashi, wahandisi na wakandarasi wa kesho.